Majina ya Maradhi: Ugonjwa wa Kucheka wa Kashasha na Kazi ya Kuunda Istilahi

Tarehe 30 Januari 1962, wiki saba na siku kidogo baada ya Tanganyika kupata Uhuru, wasichana watatu wa shule ya kati ya misheni katika kijiji cha Kashasha, yapata maili 25 kutoka mjini Bukoba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Baada ya kucheka walilia, na baada ya kulia walicheka tena. Wenzao waliowatazama nao wakapatwa. Shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamekwisha kuugua. Ilifunguliwa tena tarehe 21 Mei, wakapatwa wengine 57, na kabla ya Juni kwisha ilibidi ifungwe mara ya pili.

Habari hii imesimuliwa mara nyingi, na mara nyingi imesimuliwa kwa mzaha. Katika makala haya sikusudii kuisimulia ili tustaajabu. Nakusudia kuuliza swali ambalo ni letu sisi tunaoshughulika na lugha: ugonjwa ule uliitwa nani, aliyeuita hivyo alikuwa nani, na jina lile lilimfanya nini mgonjwa? Swali hili si la anasa. Mwalimu mkuu anayeandika taarifa kwa ofisa elimu, mganga wa zahanati anayejaza daftari lake, na mfasiri anayekabidhiwa kitabu cha sayansi na jamii, wote watatu hulazimika kuchagua neno kabla ya kuchagua la kufanya.

Kwanza yafaa tuyajue mambo yenyewe kama yalivyoandikwa na madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, ambao makala yao juu ya tukio hilo ilichapishwa mwaka 1963 katika jarida la utabibu la Afrika ya Kati. Wagonjwa wa Kashasha walikuwa wa umri wa miaka 12 hadi 18. Walimu hawakupatwa hata mmoja. Shambulio liliweza kudumu kwa dakika chache au kwa saa kadhaa, likatulia, likarudi, na kwa baadhi ya wagonjwa hali hiyo iliendelea hadi siku 16. Wengine walisema wanahisi kitu kinatembea kichwani, au kwamba kuna mtu anawakimbiza. Walipozuiwa kwa nguvu walipigana. Walipopimwa, damu yao na maji ya uti wa mgongo havikuonyesha kijidudu wala sumu, na hakufa mtu.

Shule ilipofungwa watoto walirudi makwao, na hapo ndipo ugonjwa ulipotembea. Baadhi yao walikuwa wenyeji wa Nshamba, ambayo leo imo, kama Kashasha yenyewe, katika Wilaya ya Muleba. Siku kumi tu baada ya Kashasha kufungwa Nshamba ikaingia, na katika miezi ya Aprili na Mei watu 217 walipatwa kati ya wakazi wapatao 10,000, wengi wao wanafunzi na vijana. Mwezi Juni ikawa zamu ya shule ya wasichana ya Rwamishenye, pembezoni mwa mji wa Bukoba. Huko wasichana 48 kati ya 154 waliugua, na shule ikafungwa tarehe 18. Kutoka hapo ugonjwa ulifika Kanyangereko, ambako msichana aliyerudishwa nyumbani aliwaambukiza jamaa zake, na shule mbili za wavulana zikafunga milango. Masimulizi ya baadaye hutaja watu wapatao elfu moja na shule 14. Madaktari wale walipokuwa wakiandika, ugonjwa ulikuwa bado unaenea, na vijiji vilikuwa na hofu.

Hofu hiyo haikuwa ya watu wajinga. Waliohisi kwamba chakula kimetiwa sumu walikuwa na sababu ya kuhisi hivyo, kwa kuwa waliougua walikuwa watoto waliokula pamoja. Wapo pia waliosema kuwa hewa imeharibiwa na milipuko ya mabomu ya atomiki. Msomaji wa leo asicheke. Katika miaka ile mataifa makubwa yalikuwa yakiyajaribu mabomu hayo angani, na redio ilikuwa ikitangaza. Mkulima wa migomba wa Nshamba aliyeunganisha habari ya redio na maradhi ya binti yake alikuwa akifikiri kama mtu wa kisayansi anavyotakiwa kufikiri, ila tu dhana yake haikuthibitika.

Sasa tuje kwenye majina. Wenyeji waliuita kwa Kihaya *enwara yokusheka*, kama madaktari walivyoandika, yaani ugonjwa wa kucheka. Hata asiyejua Kihaya ataitambua *oku-* kuwa ndugu wa *ku-* yetu, na *sheka* kuwa ndiyo *cheka*. Jina hili linataja kinachoonekana na kunyamaza. Halisemi ni nani mwenye makosa, wala halidai kujua chanzo. Ukiliweka kando ya majina ya Kiswahili kama *kifaduro* au *homa ya manjano* utaona ni la ukoo uleule: jina la dalili, lililotungwa na watu waliomtazama mgonjwa kwa macho yao.

Jina la pili lilikuwa *akajanja*, ambalo madaktari walilitafsiri kwa neno moja la Kiingereza lenye maana ya wazimu. Hapa mfasiri na aende pole pole. Mswahili akilisikia atakumbuka *ujanja*, na atadhani wasichana wale walidhaniwa kuwa wanajifanya. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa kufanana kwa maana, na wengi wetu tumekwisha kuanguka katika shimo hilo. Lakini lipo jambo jingine ambalo tafsiri ya madaktari imelipoteza. Kiambishi *aka-* katika Kihaya, kama *ka-* katika lugha nyingi za Kibantu, mara nyingi hudogosha. Kwa maoni yangu aliyesema *akajanja* hakuwa akisema wazimu ule wa kumfunga mtu kamba. Alikuwa akisema kitu kidogo cha kupita, kinachomwingia mtu na kumtoka. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mzazi, na katika safu ya Kiingereza haikuonekana.

Na isidhaniwe kwamba Kihaya ni lugha ngeni katika kazi yetu. Kila mwalimu wa sarufi anayeingia darasani na kuandika ubaoni neno *ngeli* anatumia neno la Kihaya, lenye maana ya aina. Lilichukuliwa kutoka huko, likasanifiwa, na leo mwanafunzi wa Lamu na wa Kigoma hulitamka bila kuuliza lilikotoka, kama asivyouliza juu ya *bunge* wala *ikulu*. Kanuni ya kutafuta istilahi kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kibantu na lugha nyingine za nchi, kabla ya kubisha hodi ng'ambo, imekuwa msingi wa kazi yetu kwa muda mrefu. Mara nyingi, hata hivyo, tumeitumia kwa maneno ya utawala na sarufi kuliko kwa maneno ya maradhi.

Jina la tatu lilitoka kwa madaktari wenyewe. Baada ya kukosa kijidudu na kukosa sumu, waliandika kwamba hii ni histeria ya umati, iliyotokea katika jamii iliyo tayari kupatwa nayo, na wakaona kwamba watu wenye elimu na maarifa zaidi hawakuguswa. Mwaka 1964 Benjamin Kagwa aliandika katika jarida la utabibu la Afrika Mashariki juu ya tatizo hilohilo, na mwaka 1968 G. J. Ebrahim akaeleza matukio matatu ya watoto wa shule katika nchi zetu. Neno lilikuwa limekwisha kukaa.

Tulichunguze neno hili, maana limevaa koti jeupe la daktari lakini asili yake ni ya zamani sana. Limetokana na Kigiriki, na shina lake ni neno la mfuko wa uzazi. Waganga wa Ugiriki walidhani kuwa mfuko huo ukikosa utulivu mwilini humtia mwanamke maradhi ya kila namna, na kwa karne nyingi Ulaya iliendelea kuwaita wanawake wagonjwa kwa jina hilo. Chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliacha kulitumia kama jina la ugonjwa katika mwongozo wake wa mwaka 1980. Kwa hiyo wasichana wa Kashasha, waliokuwa wametajwa na wazazi wao kwa jina lisilomlaumu yeyote, walitajwa na sayansi kwa jina lililobeba lawama ya miaka elfu mbili dhidi ya wanawake. Sisemi kuwa madaktari wale walikuwa na nia mbaya. Walitibu, walihesabu na kuandika kwa uangalifu, na bila wao tusingekuwa na cha kujadili. Nasema tu kwamba mara hii jina la kijijini lilikuwa la kisayansi zaidi kuliko la hospitalini, kwa sababu halikudai zaidi ya lilichojua.

Maelezo yanayokubaliwa zaidi leo ni kwamba dhiki ya nafsi inaweza kujitokeza mwilini, na kwamba katika kundi la watu wanaoishi pamoja chini ya shinikizo moja inaweza kupita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine bila kijidudu chochote. Mambo ya namna hiyo yameandikwa katika nchi nyingi. Huko Strasbourg, mwaka 1518, watu walicheza ngoma barabarani kwa siku nyingi wasiweze kuacha. Wasichana wa Kashasha walikuwa mbali na nyumbani, chini ya nidhamu kali ya bweni, na wakati huohuo nchi ilikuwa imeanza kuwataka wawe kitu ambacho mama zao hawakuwahi kuwa. Mwaka 2007 mtaalamu wa isimu Christian Hempelmann aliandika kuonyesha kwamba kicheko kile hakikuwa na uhusiano na ucheshi wala furaha. Kilikuwa dalili moja tu kati ya nyingi, pamoja na kilio, fadhaa na ghasia.

Hapa ndipo Kiswahili chetu kinapomtega mfasiri. Misemo yetu juu ya kucheka karibu yote ni ya furaha: mtu *huangua kicheko*, *huvunjika mbavu*, *hucheka mpaka jino la mwisho*. Mfasiri akiandika kwamba wasichana wa Kashasha waliangua kicheko, msomaji atatabasamu, naye atakuwa amesema uongo bila kutaka. Katika mitandao ya intaneti tukio hili huzunguka kila mwaka likiitwa janga la vicheko, na husemwa kwamba watu walicheka miezi 18 mfululizo bila kupumzika, jambo ambalo mwili wa binadamu haliwezi. Miezi inayotajwa ni muda wa ugonjwa kutembea kutoka shule hadi shule. Mtu mmoja alipatwa na vipindi, na kati ya kipindi na kipindi alikuwa mtu kama wewe. Ningependelea mfasiri aseme *walishikwa na kicheko*, kama tusemavyo *ameshikwa na homa*. Kitenzi hicho kidogo kinaondoa mzaha wote.

Isidhaniwe kwamba nawasifu wenyeji ili kuwalaumu wageni. Mkoa huohuo unatupa mfano wa jina la kienyeji lililoumiza. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 biashara ya kuvuka mpaka ilishamiri, na miongoni mwa bidhaa zilizopendwa na vijana kilikuwapo kitambaa kilichojulikana kwa jina la Juliana. Vijana wa biashara hiyo walipoanza kukonda na kufa, watu waliuita ugonjwa ule *Juliana*. Jina lilitaja tabaka la watu, likaonyesha kidole kwa wafanya magendo na kwa wanawake waliopewa vitambaa, na likamwacha mkulima mtulivu akijiona yu salama. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Jirani zetu wa Uganda walikuwa na jina lao, *silimu*, la kukonda, ambalo angalau lilikuwa la dalili.

Ndipo likaja *UKIMWI*, Upungufu wa Kinga Mwilini. Kwangu mimi hili ni mojawapo ya maneno yaliyoundwa kwa ufundi mkubwa kabisa katika lugha yetu. Ni kifupisho, lakini halisikiki kama kifupisho. Limeanza na *u-*, likaketi mara moja pamoja na *ukoma* na *ukurutu*, likapata upatanisho wake wa kisarufi bila kusukumwa, na baadhi ya watu wakaacha kuliandika kwa herufi kubwa tupu. Tena limeeleza jambo lenyewe: kinga imepungua. Halimtaji mchuuzi wala mwanamke wala mpaka. Waliounda *UVIKO-19* miaka mingi baadaye walikuwa wakifuata nyayo hizo, ingawa ile tarakimu imewapa taabu wasomaji wa kawaida. Maneno yaliyolizunguka UKIMWI yalichukua muda mrefu zaidi kusafika. Tulisema *waathirika* kwa miaka mingi kabla ya kujifunza kusema *watu wanaoishi na VVU*.

Kwamba jina huamua mgonjwa apelekwe wapi, hilo tunalo hata nyumbani kwetu. *Degedege* kwa muda mrefu lilihusishwa na shetani mwenye umbo la ndege, na wazazi wengi walimwendea mganga wa kienyeji kwanza huku malaria ikipanda kichwani mwa mtoto. *Pepopunda* limo katika mabango ya chanjo mpaka leo, na pepo amebaki ndani ya neno ingawa ameondoka katika maelezo. Sidai tuyafute maneno hayo. Yamekwisha kuzoeleka, na mama anayeleta mtoto kupata chanjo ya pepopunda hafikirii pepo. Lakini kwa neno ambalo bado hatujalipata, tuna hiari ya kuchagua.

Nalo hatujalipata bado. Mara kwa mara magazeti yetu huandika habari za wanafunzi wanaoanguka na kupiga kelele, wengi wao wasichana, na wengi wao wa bweni. Mwandishi wa habari huandika *mapepo*, na anayeitwa ni mtu wa kuombea. Ofisa mwingine huandika *utovu wa nidhamu*, na wanaoitwa ni wazazi, ili watie sahihi karatasi ya kusimamishwa. Anayetaka kuonekana msomi huandika *histeria*, na mara nyingi haitwi mtu, kwa sababu neno hilo halimwambii msomaji la kufanya. Mtoto ni yuleyule mmoja.

Kwa hiyo napendekeza kwa mjadala, si kwa amri, kwamba tuanze na neno *mfadhaiko*. Linajulikana na kila msemaji, lina nafsi na mwili ndani yake, na mtu aliyefadhaika hawi mwongo wala mwendawazimu. Kwa tukio la watu wengi pamoja tunaweza kusema *mfadhaiko wa kundi*. Nimepima pia *mfadhaiko wa halaiki*, ila *halaiki* kwa Watanzania imekwisha kuwa watoto wanaocheza uwanjani siku ya sherehe, na picha hiyo haifai. *Wazimu wa umati* lingekuwa kosa juu ya kosa. Kuhusu kuenea kwake sioni ubaya wa kusema *huambukiza*, kwani Kiswahili hakijawahi kukifungia kitenzi hicho kwenye vijidudu. Tunasema tabia huambukiza, na miayo huambukiza. Jina *ugonjwa wa kucheka* lihifadhiwe kwa tukio la 1962 peke yake, kama jina la kihistoria lililotolewa na wenyewe.

Jambo la mwisho ni dogo kwa umbo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwezi Mei 2015 kwamba maradhi mapya yasipewe majina ya mahali wala ya watu. Ushauri huo uliyakuta majina ya zamani yamekwisha kukaa, na Bukoba ililijua mojawapo mwezi Machi 2023. Ugonjwa uliotangazwa kwanza kuwa haujulikani ulitambuliwa kuwa ni wa virusi vya Marburg, jina la mji wa Ujerumani ulikozuka mwaka 1967. Watu tisa waliugua na sita wakafariki kabla ya kutangazwa tarehe 2 Juni kuwa umekwisha. Kata zilizoguswa zilikuwa Maruku na Kanyangereko. Kanyangereko ileile ya 1962. Lakini msomaji anayetaka kuziunganisha habari hizi mbili atapata shida, kwa sababu makala ya 1963 imeandika *Kanyangereka*, na Rwamishenye imeiandika *Ramashenye*, na tangu hapo vitabu na kurasa za intaneti vimenakili makosa hayo neno kwa neno. Anayefasiri habari za Kashasha kwa Kiswahili ana nafasi ya kuyaandika majina hayo kama wenyeji wa Bukoba na Muleba wanavyoyatamka.